Kifaransa cha Wageni

Karatasi ilianza kwa upole. Juu iliandikwa kwamba hakuna jibu la makosa. Mtu ajisomee kila sentensi, akiona ni kweli aweke tiki, na pale tiki zitakapomwishia, hiyo ndiyo ngazi yake. Halafu achague darasa la Kifaransa. Naweza kujitambulisha. Naweza kuuliza na kujibu maswali mepesi kuhusu mtu ninayemjua, mwenzangu akisema polepole na kuwa tayari kurudia. Naweza kufuata mazungumzo ya kawaida kwenye simu. Naweza kumwelewa mtu anayesimulia tukio, hata kukiwa na kelele.

Ilikuwa Jumamosi, nimekaa mezani nyumbani kwetu Mountain View, na hiyo sentensi ya kelele niliipita haraka, kama unavyompita mbwa usiyemjua.

Mama alikuwa anachambua ndengu upande wa pili wa meza.

"Weka tiki zote," akasema bila kuinua macho. "Si wewe ulipata A?"

"Mama, wamesema mtu awe mkweli."

"Kwani A ni uongo?"

Nikaweka tiki kadhaa kwa penseli, nyepesi, za kufutika. Simu ya mama ilikuwa mezani kando ya sinia, kioo kikiangalia juu. Kwa kawaida huilaza kifudifudi. Baba alikuwa hajapiga simu wiki nzima, na hakuna aliyekuwa amelisema hilo kwa sauti.

Darasa lenyewe lilikuwa wazo la baba. Yeye ni mekanika wa mashine za kuchimba visima, na kampuni yake ya hapa Nairobi ilimpeleka Chad kuangalia mitambo yao, mahali ambapo, alituambia, unachimba siku nzima unatoa vumbi, na kesho yake unaenda kutoa vumbi lingine. Kule ofisini na hospitalini watu wanaongea Kifaransa. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka alipiga simu akashangilia hadi mama akaisogeza simu mbali na sikio. Baadaye, furaha ikishatulia, akaniambia nisikae tu nyumbani kungoja chuo, nitafute kituo cha lugha mjini. Akaongeza kitu ambacho mama hakusikia, kwa sababu nilikuwa nimetoka na simu kwenye ngazi.

"Lakini anza chini kabisa. Usione haya."

Sikumuuliza kwa nini. Nilijua anajua.

Niseme jinsi alivyojua. Shuleni kwetu, Kifaransa cha mdomo tulikuwa tunakikariri. Mwalimu alitupa aya kwa kila mada ambayo mtahini angeweza kuuliza, familia yangu, mazingira, chakula ninachopenda, likizo yangu, na sisi tulizimeza kwenye foleni ya uji, tukifua, hata tukiwa tumepiga magoti kanisani. Ya likizo ilitoka kwenye kitabu cha Wafaransa. Pendant les vacances, je suis allée à la montagne avec mes cousins. Wakati wa likizo nilienda milimani pamoja na binamu zangu. Halafu inakuja theluji, halafu tunateleza kwenye theluji tukiwa na mbao miguuni, halafu jioni supu ya moto. Binamu zangu wako Mwala wanachunga mbuzi. Mtahini hakuniuliza mbao nilizitoa wapi. Aliandika tu.

Nyumbani aya hiyo ikawa ya wageni. Mtu yeyote akija, wa kanisani, wa kazini, wa kutoka Ukambani, baba angeniita kutoka jikoni, "Njoo uwaongeleshe kidogo." Mimi ni mtu wa haya. Kusalimia watu wengi kwa mpigo kunanitoa jasho kwenye viganja. Lakini aya ilikuwa rahisi kuliko salamu, kwa sababu aliyekuwa akiongea hapo hakuwa mimi. Nilisimama karibu na friji, nikaangalia kalenda ukutani, nikateleza hadi nikafika kwenye supu. Wageni wakapiga makofi. "Aki huyu amekuwa Mzungu!" Kila mgeni alipata ileile. Mchungaji ameipata mara nyingi kuliko wote, na kila mara husema naona umeendelea.

Halafu baba akakaa Chad, akaanza kuokota Kifaransa chake mwenyewe, cha grisi na spana. Siku moja kwenye simu akaniambia, hebu niongeleshe kama wageni. Nikaanza. Nilipofika kwenye supu alikuwa anacheka hadi anakohoa.

"Kumbe ni hiyo tu? Miaka yote hii? Hiyo theluji yenu haijayeyuka tu?"

Nikacheka pia, uso ukiniwaka. Hakumwambia mama. Kuanzia hapo likawa jambo letu wawili. Akipiga simu anauliza theluji kwanza, ndiyo aulize habari za nyumbani. Na kila mara ananiagiza nimpe kidogo, nami nampa, na yeye anacheka palepale kwenye supu.

Ujumbe wa sauti ulikuja Jumapili tukitoka kanisani, mama akiwa hata hajavua viatu. Ulitoka kwa namba ya baba. Mama alisema "Asante Yesu" kabla ya kuufungua. Kisha sauti ikaanza, na haikuwa ya baba.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu anayeongea huku anatembea. Nyuma yake injini ilinguruma bila kupumzika, na upepo ulikuwa unaipiga simu makofi. Bonjour, madame. Hiyo hata mama aliielewa. Baada ya hapo maneno yalimwagika kama kokoto kutoka kwa lori, na mimi nimesimama chini nikijaribu kudaka. Nilidaka votre mari, mume wako. Nikadaka la machine. Nikadaka la nuit, usiku. Halafu yule mtu akanyamaza, akavuta pumzi ndefu, akaendelea kwa sauti ya chini zaidi, na kuanzia hapo sikudaka kitu.

Mama hakuwa anaangalia simu. Alikuwa anaangalia uso wangu.

"Haya. Amesema nini?"

"Anaongea juu ya baba."

"Hiyo najua. Anasema nini juu yake?"

"Cheza tena."

Akacheza tena. Mume wako, mashine, usiku, pumzi.

"Mama, sijaelewa."

"Mbona amevuta pumzi hivyo?"

"Sijui."

"Mtu havuti pumzi hivyo bure."

Niliiwekea sauti ile programu ya kutafsiri ya simu. Ikaisikiliza injini, ikaandika kwamba mbuzi wa bwana wako wamefunga daraja. Mama akasoma, akaniuliza kama hayo ni mafumbo ya huko. Tukapiga namba ya baba, mteja hapatikani. Mama akatuma ujumbe wake, kwa Kiswahili, na tena kwa Kikamba, ukaondoka na tiki moja ukabaki na tiki moja, haujafika. Jumatatu asubuhi akapigia ofisi ya kampuni kule Viwandani. Wakasema wanafuatilia. Dada aliyepokea simu alikuwa na sauti nzuri sana, na hiyo ndiyo iliyomtisha mama.

"Huyo msichana siku zote ana madharau," akasema. "Leo ameniita mamangu."

Nikataja Ngara. Kuna Wakongo wanauza vitenge kule, nikasema, tungewasikilizisha.

"Habari ya mume wangu niipeleke sokoni?" Akaivuta simu kifuani. "Na mtu wa kanisa hata mmoja asijue. Umenisikia?"

Nilimsikia, na nilijua anaogopa nini. Kwetu habari mbaya haingoji ikamilike. Mtu akipata nusu yake, anakuja. Anakuja na mwenzake, wanaanzisha wimbo, wanaketi. Wakizidi, makochi hayatoshi, na hapo lazima kuna mwanamume atasema ngoja nitafute viti. Vikishashushwa viti vya plastiki nje ya nyumba ya mtu, kila anayepita barabarani anajua kuna msiba, na kuanzia hapo ni matanga, ni kamati, ni nani ataenda kuleta mwili. Mama alishaketi kwenye matanga ya wengine mara nyingi. Aliniambia, akiwa amesimama dirishani, "Viti vikishuka hapa, tumemzika."

Baba mdogo ni wa nyumbani, huyo hakuweza kufichwa. Alikuja jioni hiyohiyo kutoka Dagoretti Corner, ambako ana duka la misumari na rangi na mabati. Huwa haingii nyumba bila kelele.

"Niaje, Madam French! Leo ndiyo tutajua kama ulienda shule ama ulienda kunenepa."

"Shikamoo, baba mdogo."

"Hiyo si French. Hebu lete hiyo kitu nisikie."

Alisikiliza akiwa amefumba macho, akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama vile yeye ndiye aliyekisoma Kifaransa. Sauti ilipoisha akaniangalia.

"Haya, tuambie."

"Sijaelewa."

"Hujaelewa nini?"

"Vitu vingi."

"Lakini kuna yenye umeelewa."

"Mume wako. Mashine. Usiku."

"Na pale kwa ile pumzi? Baada ya pale?"

"Hapo ndiyo sijaelewa kabisa."

Nilisema hivyo nikiangalia zulia, maana hivyo ndivyo ninavyoongea na watu wazima. Nilipoinua macho niliona amebadilika. Uso ulikuwa umemlegea. Alimtazama mama, kisha mimi, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa ile anayowaongelesha watoto wake wadogo wakiumia.

"Sawa, mamaa. Sawa. Wewe ni mtoto. Hiyo si kazi yako."

"Baba mdogo, ni ukweli. Sijui anasema nini."

"Nimesema sawa."

"Kama tungemtafuta mtu mwingine anayejua..."

"Mtu mwingine wa nini, na mtoto wetu ako na A?" Akaniwekea mkono kichwani. Hajawahi kunigusa kichwa tangu nikue.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea hapo kwenye zulia. Kwetu mtoto hatangazi kifo. Hata mtu mzima hatangazi ovyo. Aliyepokea simu ya msiba husema mgonjwa amezidiwa, husema hakusikia vizuri, mtandao ulikuwa mbaya, mpaka apatikane wa kulisema. Na mimi, msichana wa A, niliyewatelezesha wageni wote kwenye theluji, nimesikilizishwa Kifaransa mbele ya mama yangu, nimeinamisha kichwa, nimesema kwa sauti ya chini kwamba sikuelewa. Tena sikuelewa pale hasa kwenye pumzi. Haya yangu ya kila siku ilionekana sasa kama heshima. Kadiri nilivyokana ndivyo baba alivyozidi kufa.

Nilimfuata baba mdogo hadi kwenye ngazi nimweleze tena. Alikuwa ameshafika chini, na alikuwa kwenye simu.

"Mtoto amesikia," alikuwa anamwambia mtu. "Ameelewa yote. Hataki tu kusema mbele ya mama yake."

Nikabaki nimesimama katikati ya ngazi. Mtu mwingine angepiga kelele kutoka pale juu. Mimi nilirudi ndani.

Mama alikuwa amekaa palepale mezani, chakula kimepoa.

"Kama unajua, niambie," akasema. "Mimi ndiye mke wake. Usinifiche mimi."

"Sijui, mama. Kifaransa changu ni cha wageni."

"Cha wageni aje?"

Nikamweleza. Nikamweleza foleni ya uji, na mbao za miguuni, na mchungaji, na kwamba ni aya ileile tangu kidato cha pili. Nilidhani atakasirika. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto anayetunga hadithi ili usimtume dukani.

"Na baba yako alijua?"

"Alijua. Alikuwa anacheka."

"Sasa unamtumia hata yeye," mama akasema, na akaenda chumbani akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Ningependa angeubamiza.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha karatasi ya kituo. Mama aliniruhusu niende, hata hakuniuliza nauli ninayo. Alitaka kubaki na simu peke yake. Nilikuwa nimejitumia ile sauti kwenye simu yangu, na nilikuwa na mpango. Ningempata mwalimu yeyote pale kituoni, ningemwambia naomba unisaidie dakika moja, tusikilize hii. Njia nzima ya Waiyaki Way nilikuwa nafanya mazoezi ya hayo maneno machache, kama aya.

Kituo kiko ghorofa ya juu ya jengo moja karibu na Moi Avenue. Kwenye meza ya mapokezi alikuwepo dada mmoja mchangamfu, kucha ndefu za rangi ya zambarau.

"Sasa? Umekuja kujiandikisha?"

"Ndiyo. Walimu wako?"

"Wanarudi masomo yakianza. Umejipima?"

"Bado sijamaliza."

"Ulifanya French shuleni? Ulipata nini?"

"A."

"Wacha! Sasa unajipima nini? Andika ngazi ya tatu, mambo kwisha."

Simu ilikuwa mkononi mwangu imelowa jasho. Kidole kilikuwa juu ya ile sauti. Ningeweza kumwambia, dada, unamjua mtu yeyote hapa, hata mfagiaji, anayeongea Kifaransa kweli? Ningeiweka mezani hapo katikati ya kalamu na stempu, na sauti ya yule mtu ingejaa mapokezi yote, na vijana wawili waliokuwa kwenye kochi wangegeuka. Nikamsikia mama. Habari ya mume wangu.

"Asante," nikasema. Nikaenda kukaa kwenye benchi ya korido.

Niliifungua karatasi kwenye mapaja. Nikaona nikiendelea kujipima kwa A nitapata jibu la A. Basi nikaweka visikizi masikioni na kwa kila sentensi nikaicheza sauti ya yule mtu, nikajiuliza, hii ni kweli nikimsikiliza yeye? Naweza kumwelewa mtu anayesimulia tukio, hata kukiwa na kelele. Injini ikanguruma. Hapana. Nikafuta tiki. Naweza kufuata mazungumzo ya kawaida kwenye simu. Hapana. Naweza kutambua mambo makuu katika habari iliyosemwa wazi. Mume wako, mashine, usiku. Hapana. Nikawa nashuka hivyo, nafuta na kupuliza unga wa kifutio, na kila nikishuka moyo unakuwa mzito, kama mtu anayeteremka kisimani na kule juu mwanga unazidi kuwa mdogo. Baba alisema chini kabisa. Sikujua kama chini kuna sakafu.

Nikafika kwenye ile ya pili kutoka mwanzo. Naweza kuuliza na kujibu maswali mepesi kuhusu mtu ninayemjua, mwenzangu akisema polepole na kuwa tayari kurudia.

Niliisoma na kuisoma. Tangu Jumapili tulikuwa tunapigana na maneno ya yule mtu tuyaelewe. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mama alimtumia Kiswahili na Kikamba. Mimi sikumtumia chochote. Na karatasi ilikuwa inaniambia kwamba hata mtu wa hapa chini kabisa anaweza kuuliza.

Lifti ilikuwa inafanya kazi siku hiyo, kwa hivyo ngazi za jengo hazikuwa na watu. Nikatoka huko, nikafunga mlango nyuma yangu, nikabonyeza kinasa sauti kwenye namba ya baba.

"Bonjour, monsieur. Je suis sa fille." Mimi ni binti yake. "Je parle un peu français. Lentement, s'il vous plaît." Naongea Kifaransa kidogo. Polepole, tafadhali. "Mon père, il est vivant? Oui ou non?" Baba yangu, yuko hai? Ndiyo ama hapana?

Sauti yangu ilishuka na ngazi zote halafu ikarudi. Sikuwahi kusema sentensi ya Kifaransa ambayo nilitaka jibu lake. Nilipoachilia kidole, karibu niifute.

Tiki moja.

Nikampelekea dada karatasi. Akaisoma, akainua nyusi.

"Ngazi ya kwanza? Na ile A?"

"Ni ya mtihani."

Akacheka, akagonga stempu. "Sawa, madam."

Tiki ilikuwa bado moja nilipofika Westlands. Ilikuwa moja Kangemi. Niliposhuka kwenye kituo chetu sikuitazama tena, kwa sababu kutoka barabarani niliona pikapu imeegeshwa kwenye lango letu, na nyuma yake viti vya plastiki vya buluu vimepandanishwa juu hadi vimeinama.

Vijana walikuwa wanavishusha. Baba mdogo alikuwa anawaelekeza kwa mkono mmoja, mwingine una simu. "Hizo weka kwa kivuli. Zingine hapo kando ya ukuta. Wazee watakuja jioni." Aliponiona akavua kofia. Mimi nilivuliwa kofia na baba mdogo. Jirani wa chini akanikumbatia kabla sijaongea, akaukandamiza uso wangu begani kwake.

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Hakuna mtu amesema—"

"Pole. Najua."

Nilisikia wimbo ukishuka kwenye ngazi, ule wa taratibu. Mlango wetu ulikuwa wazi. Wamama wa kanisa walikuwa wamejaa, wamesogeza meza yetu ukutani, karibu na friji. Mama walikuwa wamemketisha katikati ya kochi na kumfunika leso ambayo haikuwa yake. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa tu pale alipowekwa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha asiyoitaka.

"Huyu ndiye aliyesikia," mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, na wakanipisha njia.

Nikakaa kando ya mama. Nilitoa simu kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Tiki zilikuwa mbili. Nilikuwa bado nazitazama, sina hakika kama ninaona vizuri, simu ilipoanza kuita. Ilikuja picha ya baba, ile ya kushika spana kama maikrofoni. Mama mmoja wa kanisa aliyekuwa karibu nami akasema "Yesu!" na wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

Siku nyingine yoyote ningetoka nje nikapokee simu ngazini. Niliinuka hivyo. Mama akanishika sketi.

"Hapa hapa."

"Allô?"

"Mademoiselle." Ilikuwa sauti ileile. Injini haikuwepo tena. Mahali alipokuwa palikuwa kimya, na kwenye ule ukimya kulikuwa na kitu kinacholia kidogo, kinatulia, kinalia tena, kama mashine za hospitalini.

"Lentement," nikasema.

"Oui. Lentement." Na akaanza kuyaweka maneno chini moja moja, kama mtu anayepanga glasi. "Votre père. Il est vivant. Oui."

"Yuko hai," nikasema. Niliisema kwa sauti yangu ya kawaida, na wale wamama wakaendelea kunitazama vilevile kwa huruma. Wakadhani ni heshima. "Yuko hai!" Sijawahi kupiga kelele nyumbani kwetu. "Amesema yuko hai! Nimemuuliza, amesema ndiyo!"

Nyumba ikalipuka. Haleluya, vigelegele, mtu akaangusha kikombe. Mama pekee hakusogea. Alikuwa ananitazama mdomoni, kama Jumapili.

"Muulize tena."

Nikauliza tena. Oui, mademoiselle.

"Basi muambie ampe simu. Nataka kuongea na yeye."

Hilo pia lilikuwa swali jepesi. "Mon père, il parle?" Baba anaongea?

Yule mtu akavuta pumzi. Ilikuwa ileile pumzi ya Jumapili. Halafu akanifanyia nilichomwomba, akasema polepole, bila kelele, bila upepo, neno baada ya neno, na akarudia bila kuambiwa.

"Non. Il ne parle pas." Haongei. "La machine. La tête." Mashine. Kichwa. "Il ne parle pas, mademoiselle."

Nilielewa kila neno, na nikatamani injini irudi.

Nilimwambia mama sikioni, yote, kama nilivyopewa. Wamama walikuwa wanaanza wimbo mwingine, wa furaha, na mama akainua mkono wakanyamaza. Yule mtu alikuwa bado anaongea. Mais il écoute, akasema. Anasikiliza. Peut-être. Labda. Parlez. Ongeeni. Nikasikia hatua zake, na mlango, kisha kile kitu kinacholia kikawa karibu, na chini yake pumzi ya mtu, nzito, ya kukwaruza.

Mama akachukua simu. Aliongea Kikamba muda mrefu, chini chini, kama wanavyoongea chumbani kwao. Sikutaka kusikia. Aliponirudishia simu ilikuwa moto.

"Na wewe," akasema.

Walikuwa wote wananiangalia. Baba mdogo alikuwa amefika mlangoni, ameshika kiti cha buluu mkononi, hajui akiweke chini ama arudi nacho. Nilikuwa na Kiswahili chote, ningeweza kusema chochote. Nikaangalia kalenda ukutani, pale juu ya friji.

"Pendant les vacances, je suis allée à la montagne avec mes cousins."

Mama mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia mwenzake, "Unasikia? Hiyo ndiyo French." Sikumwangalia. Nilikuwa namwangalia mama, na nikaona anahesabu maneno kwenye midomo yangu, maneno aliyoyasikia kila mgeni alipokuja, na nikaona hapo ndipo alipoamini kwamba sikumficha kitu. Nikaenda kwenye theluji. Nikateleza. Nikafika kwenye supu na nikasimama palepale baba anapochekaga.

Kitu kililia, kikatulia, kikalia. Pumzi ikakwaruza. Chini nje, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaambia waache, vijana walikuwa wanaendelea kushusha viti.

Nikangoja kidogo. Halafu nikaanza tena kutoka mwanzo, polepole zaidi.